Msiba Usio na Matanga

Katika miji yetu ya Pwani na ya kando ya Mto Tana, habari ya kifo hufuatwa na maswali mawili kabla ya machozi. La kwanza, ni nani? La pili, ni mtoto wa nani? Majibu yakishapatikana, msiba hushika njia yake. Huyu anakwenda kutafuta sanda, yule anachukua sepetu, wanawake wanajaa kwenye nyumba ya matanga, sufuria zinaazimwa, na hata aliyekuwa hasemezani na marehemu hufika, akakaa, akatoa pole. Watu ni kufa na kuzikana, na hakuna anayefundishwa shughuli hiyo darasani. Lakini viko vifo ambavyo maswali hayo mawili hayapati wa kuyajibu. Mtu amekutwa chini ya mgunga, hatua chache kutoka lami, soli za viatu zimekwisha, mfukoni hana kipande wala simu. Ni nani? Hajulikani. Mtoto wa nani? Hajulikani. Msiba upo, ila waliofiwa hawajui kwamba wamefiwa.

Kila nikiifikiria Bangale, fikira zangu huishia kwenye msiba wa aina hiyo.

Bangale ni mji mdogo wa Kaunti ya Tana River, kwenye barabara kuu itokayo Nairobi, ikapita Thika, Mwingi na Ukasi, kisha ikaelekea Madogo na daraja la Garissa. Ni nchi ya wafugaji, Waorma, Wawardei na Wasomali, nchi ya vumbi jekundu, ya vichaka vya mathenge vinavyosogelea malisho mwaka hata mwaka, na ya silanga ambazo zikikauka watu huanza kuulizana habari za gari la maji. Kwa msafiri mwenye tiketi na kitambulisho, Bangale ni mahali pa kunyoosha miguu, kunywa chai, kununua maji, kisha kuendelea. Kwa asiye na kitambulisho, ni sehemu ya safari ambayo haimo kwenye tiketi yoyote.

Wapita njia hao si wa namna moja. Wako waliotoka kambi za Dadaab, kilomita zipatazo 100 kutoka Garissa, kambi zilizofunguliwa mwaka 1991 Somalia ilipovunjika. Zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka wa njaa kubwa wa 2011 zilikuwa na zaidi ya 400,000. Mkimbizi haruhusiwi kuzitoka bila kibali. Kibali kikichelewa, na ndugu yuko Nairobi, na mtoto anaugua ugonjwa ambao kambini hautibiki, watu huondoka. Wako pia vijana wa Ethiopia wanaoelekea Afrika Kusini, wengi wao kutoka kusini mwa nchi yao, upande wa Hadiya na Kambata, ambako mji wa Hosaena umejengwa kwa fedha zinazotumwa na waliofika. Njia yao kuu hupitia Moyale na Isiolo, lakini ulinzi ukikazwa huko, wengine husogezwa mashariki, wakashukia Wajir na Garissa. Walioingia nchini bila kibali, sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inawaita wakosaji: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Basi wapita njia hawa hawapiti kizuizi cha polisi wakiwa wamekaa kwenye viti. Huteremshwa kabla ya kizuizi, wakaelekezwa porini, wakatembea usiku kwa kuzunguka, wakatarajiwa kudakwa upande wa pili na gari jingine au na bodaboda. Ndizo njia za panya. Wakala huwaambia kuwa ni mwendo mfupi. Mwendo mfupi ukikosewa gizani huwa usiku kucha, na jua likichomoza kwenye nyika hii halina huruma na mtu aliyebeba chupa moja.

Sisi tusio na safari ya namna hiyo tunadhani msafiri huuawa na jambo kubwa: risasi, mamba, fisi. Mara nyingi ni mambo madogo yaliyoachwa yakakua. Mtu atokwaye jasho siku mbili bila kunywa vya kutosha hupungukiwa damu ya kufika kwenye figo. Misuli iliyotembezwa kupita kiasi nayo huvunjika, na takataka zake huenda kuzilemea figo hizo hizo. Akipata maji, ni ya silanga wanayonywea ng'ombe, na tumbo likiharibika hupoteza hata kile kidogo alichokipata. Aliyekulia kwenye milima ya baridi ya Ethiopia hana kinga ya malaria aliyonayo mtoto wa Tana. Mbu wa bonde la mto humwangusha kwa siku chache. Nyoka hutoka usiku, saa zile zile ambazo mtu huyu hutakiwa kutembea, tena bila tochi. Mguu uliochomwa na mwiba wa mgunga huvimba, ukatunga usaha, na anayechechemea huachwa nyuma.

Ukiacha sumu ya nyoka, ambayo dawa yake ni adimu hata kwa wenyeji, hakuna hata moja kati ya haya ambalo zahanati ya kawaida haiwezi kuanza kulitibu. Pakiti za ORS. Dripu. Tone la damu kwenye kipimo cha malaria na dozi ya vidonge vya siku tatu. Kisu safi cha kupasua jipu, na antibayotiki za bei ndogo. Kwa hiyo tukisema fulani kafa kwa kuhara au kwa malaria, tumetaja tu mlango aliotokea. Kilichomfikisha mlangoni ni kuchelewa. Na kuchelewa huko hakukuletwa na ugonjwa wala na jangwa. Kumetengenezwa, kizuizi kwa kizuizi, mpaka mgonjwa mwenyewe akawa ndiye anayewaomba wenzake wasimpeleke hospitali.

Tazama ramani uone mtego ulivyo. Mtu ameugua karibu na Bangale, na hali yake imeshapita uwezo wa zahanati. Hola, makao makuu ya kaunti yenye hospitali ya rufaa, iko mbali kusini. Hospitali kubwa iliyo karibu ni ya Garissa, kaunti jirani, ng'ambo ya Mto Tana. Kuifikia lazima uvuke daraja, na darajani wapo polisi, wale wale aliowazunguka porini ili asikutane nao. Akiamua kwenda mbele, Mwingi kuna hospitali, lakini kabla ya Mwingi viko vizuizi vingine. Nyuma daraja, mbele kizuizi, na katikati mtu anayetapika. Mto nao una siasa yake: wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili 2024 barabara ya Madogo ilimezwa na maji, watu wakavuka kwa mashua, na mashua moja ikapinduka pale Kona Punda ikaua abiria. Hao walikuwa na vitambulisho vyao. Barabara hii haimhurumii hata mwenye nchi.

Ajabu ni kwamba sheria iliyoandikwa haina mtego huo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, na kinasema wazi kuwa asiwepo atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakikusema kila Mkenya. Kilisema kila mtu. Sheria ya Afya ya 2017 ikafanya kuwa ni kosa kwa kituo chenye uwezo kumnyima mtu huduma ya dharura. Tangu Juni 2013, zahanati na vituo vya afya vya serikali havitozi ada ya matibabu. Ukisoma karatasi hizi peke yake utasema huyu mgonjwa wa Bangale amekwisha kuokolewa.

Lakini baina ya karatasi na kitanda yako mambo mengi. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliposhika nafasi ya NHIF, njia ya kulipiwa kitanda cha hospitali inaanza na usajili, na usajili unaanza na namba ya kitambulisho. Mgeni mwenye makazi halali ana fungu lake katika sheria hiyo; mpita njia hana. Atalazwa kwa dharura, halafu kutakuja bili. Kisha pale getini yupo askari wa ulinzi ambaye sare yake, kwa macho ya aliyekimbia sare katika nchi tatu, haina tofauti na ya polisi. Muuguzi anauliza jina, umri na kijiji, maswali ya kawaida ya daftari, lakini sikioni mwa mtu huyu yanasikika kama kukamatwa. Muuguzi naye ana woga wake. Amesikia kuwa kumhifadhi mhamiaji asiye halali ni kosa. Hana hakika kama kumtundikia dripu ni kumhifadhi. Hakuna aliyekuja kumkalisha chini akamwambia wazi: wewe tibu, kazi ya kukagua vipande si yako.

Kwa hiyo hakuna anayemfukuza mgonjwa huyu mlangoni, kwa sababu hafiki mlangoni. Anajifukuza mwenyewe, kilomita kadhaa kabla. Na wale walio naye wanafanya hesabu ambayo hakuna binadamu apaswaye kuifanya: tukimpeleka, tutakamatwa sote, tukimwacha, huenda akapata nafuu. Wakala anafanya hesabu nyepesi zaidi. Kwake, mgonjwa ni mzigo uliokwisha kulipiwa.

Hesabu hiyo ilifanywa kusini mwa njia hii mara nyingi, na hatuna haki ya kusema hatukujua. Juni 2012, katika mkoa wa Dodoma, Tanzania, zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, mjini Tete, Msumbiji, maofisa walifungua kontena lililotoka Malawi wakakuta wanaume 64 wamekufa na 14 wazima kati yao. Oktoba 2022, huko Mzimba, Malawi, lilifukuliwa kaburi la pamoja lenye miili 25. Desemba mwaka huo huo, miili 27 ilikutwa imetupwa kando ya barabara eneo la Ngwerere, karibu na Lusaka. Katika miili hiyo ya Lusaka alikutwa mmoja angali akipumua, akakimbizwa hospitali. Mimi hukaa zaidi na huyo mmoja kuliko na wale 27. Maana kuwepo kwake kunaonyesha kuwa waliotupa hawakutazama nani kafa na nani bado. Walikuwa na haraka. Na kama alikuwapo mmoja mzima Lusaka, nani atatuapia kuwa kwingine kote waliotupwa walikuwa wameshakufa?

Wengi wa marehemu hao walipita Kenya wakiwa hai. Walinunuliwa mkate kwetu, walilala kwenye vyumba vilivyofungwa kwa nje jijini Nairobi, walitembea kwenye pori letu. Ugonjwa waliokufa nao Malawi au Zambia huenda ulianzia hapa, homa iliyopuuzwa, kikohozi kilichozuiwa kwa leso mdomoni ili kelele isisikike kizuizini.

Kwa mwanamke njia hii ina kipimo kingine cha muda. Anayebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi, na saa 120 za kuzuia mimba. Baada ya hapo dawa hizo hazina tena la kumfaa. Saa 72 ni siku tatu, na siku tatu ndizo hizo hizo ambazo amefichwa kwenye boma au anasubiri gari. Tena watu wengi, wenyeji kwa wageni, wanaamini kuwa hospitali haimgusi aliyebakwa mpaka aende kwanza polisi akachukue fomu ya P3. Si kweli: matibabu hutangulia, fomu ni ya ushahidi wa mahakamani. Lakini uongo unaoaminiwa na kila mtu hufanya kazi sawa na sheria. Ukimwambia mwanamke asiye na kibali kuwa dawa iko nyuma ya kaunta ya polisi, umemwambia kuwa haipo. Mwenye mimba naye hutembea nayo mpaka uchungu umshike mahali ambapo hakupachagua, na akiishiwa damu hapo, waliokufa ni wawili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuitamka kwa furaha ya sahani ya pilau, tukasahau kuwa ina upande wa pili: mwenyeji naye hatapona ikiwa mgeni ameachwa na maradhi yake. Mwaka 2013 virusi vya polio viliingia upande wa Dadaab. Kenya ikapata watoto 14 waliopooza, na Somalia karibu 200. Virusi havikuomba kibali cha kutoka kambini. Kikaja kipindi cha chanjo mfululizo, nyumba kwa nyumba, hema kwa hema, na hakuna mchanjaji aliyemuuliza mtoto uraia kabla ya kumdondoshea matone mawili mdomoni. Ikafaulu. Basi tunajua namna ya kufanya. Tulifanya tulipoogopa kwa ajili ya watoto wetu.

Kifua kikuu ni mtihani mgumu zaidi, kwa sababu matone mawili hayatoshi. Dozi ya kawaida ni miezi sita, kila siku, na nchini Kenya hutolewa bure. Lakini nani atakunywa dawa miezi sita mahali ambapo hapaswi kuonekana hata siku sita? Aliyeanza dozi kambini akiondoka huiacha njiani. Bakteria waliobaki huweza kuwa sugu, na atakayeambukizwa baadaye, awe dereva wa lori, au mwenye hoteli ya Madogo, au mfungwa Mkenya aliyelala naye bega kwa bega mahabusu, ataupata ugonjwa ule mgumu kutibika. Mahabusu za kusubiri kesi na kurudishwa Moyale zimejaa kuliko zilivyojengewa. Tunamkamata mtu anayekohoa, tunamfungia chumba kimoja na wenye afya, kisha tunashangaa ugonjwa umesambaa.

Jambo moja la Bangale hunigusa kuliko mengine. Kiorma ni tawi la Kioromo. Kijana wa Oromia aliyeanguka kwenye nyika hii, akimwomba mzee wa Kiorma maji, ataeleweka. Muuguzi aliyetumwa kutoka Kisumu au Machakos hatamwelewa. Mchunga ng'ombe ataelewa. Kabla mipaka haijachorwa, mababu wa hawa na wa yule walikuwa na maneno mamoja ya maji, ya ng'ombe, ya mama. Kwa hiyo katika mji ambao mgonjwa anauogopa, wamo wakalimani ambao hospitali kubwa za Nairobi zingelazimika kuwatafuta kwa fedha. Hakuna aliyewahesabu. Mzee huyo angekaa kando ya kitanda, akauliza inauma wapi, tangu lini, umekunywa nini, na nusu ya tiba ingekuwa imeshapatikana.

Tena mzee mwenyewe anaijua dhiki ya karatasi. Katika kaunti hizi, kupata kitambulisho kulimaanisha kwa miaka mingi kusimama mbele ya kamati ya wazee na maofisa, ukathibitishe kuwa babu yako ni wa hapa. Amri ya rais ya kuondoa msasa huo ilitolewa Februari 2025 tu. Wako pia Wakenya makumi ya maelfu wa kaskazini mashariki ambao wakati wa ukame waliandikishwa kambini ili wapate mgao wa chakula, alama za vidole vyao zikabaki kwenye daftari la wakimbizi, na walipokua serikali ikawaambia ninyi si raia. Wamejua kuzaa bila kadi, kuugua bila bima, kukwepa safari kwa kuogopa kizuizi. Mwenyeji na mpita njia wamekutana kwenye shida moja, ila mmoja wao yuko nyumbani.

Nilipofiwa na baba yangu, kilichonibeba si maneno ya pole. Ni kazi. Kulikuwa na maji ya kuteka, mwili wa kuosha, jina la kutaja msikitini, watu wa kupigiwa simu, hitma ya kupangwa. Huzuni ilipata mikono ya kuishika. Kule Hosaena, au kwenye hema la Dagahaley huko Dadaab, au Kismayu, kuna mama ambaye huzuni yake haina kazi hata moja ya kufanya. Simu iliita ikakatika. Wiki ikapita, mwezi, mwaka. Hawezi kumsalia mwanawe sala ya jeneza kwa asiyekuwepo, maana kumsalia ni kukiri kuwa amekufa. Hawezi kumwombea safari njema, maana moyo umeshakataa. Akiona kijana yeyote mrefu sokoni anageuza shingo.

Wanazuoni wetu walimjua mtu huyo aliyepotea. Wana sura nzima juu yake: mali yake haigawanywi, mkewe ni mke bado. Khalifa Umar anapokewa kuwa aliamua mke asubiri miaka minne, kisha akae eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru. Wengine, katika madhehebu ya Shafii, wakashikilia kwamba asubiri mpaka ipatikane yakini. Nikizisoma hukumu hizo naona ndani yake huruma kubwa ya watu wa kale waliofahamu kuwa kutojua ni kifungo, na kuwa aliyefungwa anastahili kuwekewa siku ya kutoka. Lakini walihukumu katika zama ambazo habari ilipotea kwa sababu bahari ilikuwa kubwa na msafara ulikuwa wa polepole. Sisi tuna simu, tuna vipimo vya DNA, tuna kamera darajani. Mtu akipotea leo baina ya Garissa na Mwingi, amepotea kwa sababu hatukuona faida ya kumtafuta.

Wapo waliojaribu. Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, pamoja na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vya nchi zetu, wana kazi ya kuunganisha jamaa waliopotezana, na kwa miaka mingi Idhaa ya Kisomali ya BBC ilisoma hewani majina ya wanaotafutwa. Fulani bin fulani bin fulani, ukoo kadhaa, alionekana mara ya mwisho mahali fulani, anatafutwa na mamaye. Ilikuwa orodha tu ya majina, na watu waliacha walichokuwa wakifanya wakasikiliza. Mhariri wa gazeti atasema si habari. Kwa anayetafuta, ndiyo habari pekee iliyobaki.

Lakini ili redio isome jina, upande wa pili lazima awepo mtu aliyeandika kitu. Hapa ndipo tunapoanguka. Mwili usiojulikana ukipatikana, hupelekwa mochari, hukaa siku zake, hutangazwa pamoja na mingine isiyo na wenyewe, kisha huzikwa. Mara nyingine wanakijiji humzika wenyewe kwa stara, siku ile ile, kwa sababu jua halisubiri. Waoshaji hutazama dalili: ametahiriwa? Ana uzi shingoni, kama wavaao Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia? Kuna msalaba uliochorwa kwenye paji la uso? Mwenye dini yake huzikwa kwa dini yake kadiri walivyoweza kuitambua. Mimi nawavulia kofia watu hao. Lakini uzi uliotazamwa haukupigwa picha. Kovu la goti, jino lililong'oka, rangi ya shati, namba ya simu iliyoandikwa kwa kalamu ndani ya mshipi wa suruali, vyote vilishuka kaburini. Mama wa Hosaena angelitambua kovu lile akiwa amefumba macho.

Yanayotakiwa si makubwa. Daftari la maiti wasiojulikana katika kila mochari ya barabara hii, lenye picha na alama za mwili, na nakala yake kwa Msalaba Mwekundu. Waraka mmoja kutoka kaunti ukiwaambia wauguzi kuwa daftari la wagonjwa si la polisi, na ukiwaambia polisi kuwa gari lenye mgonjwa halisimamishwi darajani ili akaguliwe kibali. Kadi ya kifua kikuu inayotambulika kutoka Dadaab mpaka Nairobi, bila kuuliza mwenyewe alifikaje. Posho ndogo kwa mzee wa Kiorma anayeitwa usiku kuja kutafsiri. Hayo hayafungui mpaka wala hayampi mtu uraia. Serikali itabaki na haki yake ya kumshtaki. Kitakachobadilika ni kuwa atakuwepo wa kushtakiwa.

Kuosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi ya kifaya: wakiitimiza wachache, wengine wamesalimika, asipoitimiza hata mmoja, mji mzima una dhambi. Kila mtoto wa madrasa analijua hilo. Wasilolikumbuka wengi ni kuwa Imamu Ghazali alipozihesabu elimu ambazo ni fardhi ya kifaya, aliitaja tiba, kwa sababu miili haiwezi kusalimika bila yake. Aliye hai na anayeugua, na aliyekwisha kufa, wote wawili wana dai juu ya mji walioufikia. Sisi wa njia hii tumelishika dai la pili kwa uaminifu. Mgeni akitufia tunamstiri, tunamchimbia, tunamsalia hata bila kumjua jina. Dai la kwanza, lile ambalo lingetuondolea kazi ya kuchimba, tumeliachia daraja na kizuizi, na dhambi yake bado iko juu ya mji mzima.